Kidole hakina kosa, meza ndiyo iko na kosa

Wandugu vijana wa Tshangalele, wa Kikula, wa Panda, wa Shituru, na nyinyi wote munaotusoma kwenye telefone,

Leo tunazungumza juu ya meza. Ndiyo, meza. Mucheke kwanza, halafu mutusikilize.

Hapa Kongo wananchi walihesabiwa mara ya mwisho mwaka 1984. Sisi tunaoandika hapa, hata mmoja alikuwa hajazaliwa. Kitambulisho cha taifa hatuna: tarehe 30 Juni 2023 Rais alipewa kadi ya kwanza ya ONIP, mwaka 2024 mkataba wa kazi hiyo ukavunjwa, na raia wakabaki mikono mitupu. Kwa hiyo karte ya kura ndiyo kila kitu. Ndiyo unaonyesha kwenye barrière ukienda Lubumbashi, ndiyo unanunulia laini ya simu, ndiyo unapeleka banki. Na ili upate karte hiyo, lazima kwanza upite kwenye kioo kidogo kinachosoma vidole.

Mara ya mwisho, Haut-Katanga ilianza kuandikishwa tarehe 25 Januari 2023, katikati ya mvua. Vituo vingi huwekwa kwenye masomo, na kwenye masomo meza ni ile inayopatikana: ya mwalimu, ama ubao juu ya banki mbili za watoto. Pesa za mashine zinajadiliwa Kinshasa miezi na miezi. Urefu wa meza, nani anaujadili?

Wamarekani waliupima. Taasisi ya vipimo ya serikali yao, NIST, ilitoa matokeo mwaka 2006: waliweka mashine moja kwenye urefu mbalimbali toka chini, wakapima muda na ubora wa alama. Kwenye sentimita 91 watu walimaliza haraka kuliko kwingine. Kwenye sentimita 66 alama zilitoka safi zaidi. Watu wenyewe walisema wanajisikia vizuri kati ya 81 na 91. Kwenye 107, karibu na kifua cha mtu mufupi, kazi ilichelewa na watu hawakuipenda.

Sababu yake si uchawi. Weka kidole chako sasa hivi juu ya meza iliyo juu: kifundo cha mukono kinajikunja, ncha tu ndiyo inagusa. Mashine haitaki ncha. Inataka ile nyama ya katikati, mahali mistari inapozunguka. Na ukikazwa "bonyeza, bonyeza!", mistari inabanana na kuwa doa moja. Ngozi kavu inatoa mistari iliyokatika, ngozi yenye maji inatoa uchafu. Mashine ikitazamana na dirisha, jua linaingia kwenye kioo na picha inafifia. Ikiwekwa upande wa kuume kabisa na waya mufupi, mukono wa kushoto lazima uvuke tumbo. Mama mwenye mutoto mugongoni atafanya vile namna gani? Na muzee wa fimbo, akiachilia fimbo, atashika nini?

Sasa ongeza vidole vyenyewe. Likasi ni muji wa mikono. Wachimbaji wanavunja jiwe, mama wanaosha minerali kutwa nzima ndani ya maji, wavuvi wa ziwa Tshangalele wanavuta kamba, wazee waliotumika kwenye viwanda vya Shituru wamebakiwa na ngozi laini kama karatasi. Mistari imekwisha kuliwa na kazi. Mutu ambaye mukono wake umejenga muji huu ndiye mashine inamukataa mbele ya wote, na nyuma ya mustari watu wanaanza kunung'unika kwamba yeye ndiye anachelewesha. Haya hiyo tunaijua. Kwenye mulango wa kampuni moja, ambayo hatutaitaja, tumeona kibarua akijaribu kidole mara sita asubuhi. Kioo kimefungwa juu ya ukuta, kimenyooka, kinaangalia mashariki. Mashine ikasema hayumo, siku yake ikapotea. Na chifu wa timu alikuwa anamujua kwa jina!

Kuna waliokwisha kufikiria jambo hili. Kenya, kwenye uchaguzi wa 2022, mupiga kura ambaye mashine ya KIEMS haikutambua kidole chake alitafutwa kwa namba ya kitambulisho, fomu 32A ikajazwa, akapiga kura. Mahali mashine zilikufa kabisa, kama sehemu za Kakamega na Kibwezi Magharibi, tume iliruhusu daftari la karatasi. Kenya si paradiso ya uchaguzi, lakini kwa hili kidole kibovu hakikumufuta mutu.

Kwa Katiba, uchaguzi wetu unaofuata ni 2028, na kabla yake watatuandikisha tena. Tunadai CENI iandike urefu wa meza kwenye maagizo ya kila kituo, kati ya sentimita 80 na 90, pamoja na kiti na meza fupi kwa asiyeweza kusimama. Mashine ikae katikati, mbele ya mutu, mbali na dirisha. Kitambaa kikavu na kopo la mafuta kidogo havigharimu kitu. Zaidi ya yote, tunataka sheria iseme wazi: vidole vikikataa, picha na mashahidi vinatosha, na mutu anatoka na karte yake siku ileile. Na ule wino wa karte za 2023 uliofutika, hiyo tutaizungumza siku yake, hatujasahau.

Wakati tunangoja jibu, tuanze. Mwenye mita ya seremala nyumbani aende kwenye masomo ya avenue yake, aombe ruhusa kwa mukubwa wa masomo, apime meza ya mwalimu na banki ya watoto, aangalie dirisha liko upande gani. Mutuandikie jina la masomo na vipimo, majina ya watu hapana. Tutaanza na Kikula jumamosi hii, saa tatu asubuhi.