AJALI YA RELI INA KINGA



Waswahili husema, "Ajali haina kinga." Maneno haya husemwa matangani, nayo hufaa kumtuliza aliyefiwa. Lakini yakisemwa ofisini, na mtu mwenye madaraka, baada ya watu kuzikwa, hapo hugeuka kisingizio. Sisi twasema hivi: ajali ya kivuko cha reli, yaani mahali barabara inapokata reli, ina kinga. Kinga hiyo yajulikana tangu zamani, na bei yake si kubwa kuliko maisha ya watu.

Tarehe 7 Agosti 2025, huko Morendat karibu na Naivasha, basi lililochukua wafanyakazi wa Kenya Pipeline liligongwa na treni kivukoni. Watu wasiopungua wanne walikufa na wengi wakaumia. Walikuwa watu wa kazi, ndani ya basi la kazi.

Wala hiyo si mara ya kwanza. Tarehe 30 Oktoba 2013, hapa hapa Nairobi, basi liligongwa na treni kivukoni Mutindwa, upande wa Umoja. Ilikuwa asubuhi, saa ambayo watu hukimbilia kazini, na waliokufa walizidi kumi. Wenzetu wa Tanganyika ya zamani, Tanzania ya leo, nao wamelia: tarehe 29 Novemba 2023, Manyoni, mkoa wa Singida, basi la abiria na treni viligongana, watu 13 wakafa. Mahali ni mbalimbali, lakini habari ni ile ile: barabara, reli, na basi lililojaa watu.

Mwanachama aweza kuuliza, "Sisi wa Kawangware 46 twapanda matatu kwenda mjini. Reli yatuhusu nini?"

Ndugu, yatuhusu sana. Si kila siku nauli ipo mfukoni. Mwisho wa mwezi ukiwa mbali, au mvua ikinyesha na nauli ikapanda ghafula, wengi wetu hutoka alfajiri kwa miguu. Hukata Ngong Road, huingia Kibera, kisha hufuata reli mpaka Industrial Area. Reli ndiyo barabara ya asiye na nauli. Laini hiyo ndiyo iendayo Kisumu, ikipitia Kibera na Dagoretti mpaka Kikuyu. Kando yake mama huuza samaki na viazi, fundi hushona viatu, watoto huenda shule wakiruka taruma moja hadi jingine. Honi ikilia, kila mtu huokota mali yake na kusogea. Siku mtu asiposikia honi, ndiyo siku ya msiba.

Basi na tutazame ni nani hasa hufa na kuumia katika ajali hizi. Abiria wa basi ni mfanyakazi. Dereva wa basi na makanga wake ni wafanyakazi. Dereva wa treni naye ni mfanyakazi, na huyu twamsahau mara nyingi. Matatu iendayo kwa mwendo wa wastani yaweza kusimama ndani ya umbali mfupi. Treni haiwezi. Hata dereva wake akivuta breki zote, treni huendelea mita mamia, na ile ya mizigo mizito yaweza kupita kilomita nzima kabla ya kutulia. Basi dereva yule huliona gari relini, huona nyuso za watu madirishani, na hana la kufanya ila kupiga honi. Atalala vipi usiku huo? Kwa hiyo hatutaki kusikia dereva wa basi na dereva wa treni wakilaumiana. Wote wawili wamewekwa mahali pabaya.

Kila ajali ikitokea, neno la kwanza ni "dereva wa basi alikuwa na haraka". Huenda ni kweli, nasi hatuwezi kumtetea mwanachama anayeshindana na treni. Lakini na tuulize: ile haraka yatoka wapi? Dereva wa matatu apaswa kumpelekea tajiri hesabu yake kila jioni, abiria wawe wengi au wachache. Asipofikisha, kesho gari lapewa mtu mwingine. Dakika mbili za kungoja treni kwake ni abiria watatu waliochukuliwa na mwenzake aliye nyuma. Mtu wa namna hiyo ukimwonya kwa bango tu, umemwonya nusu. Haraka haraka haina baraka, lakini haraka hii ina mwenyewe, naye hakai kwenye usukani.

Sasa kinga ni ipi? Kinga ya kwanza ni mtu. Zamani kivuko kikubwa kilikuwa na geti na mlinzi wake. Alijua saa za treni, alipata habari kutoka stesheni, alifunga geti, akashika bendera mchana na taa usiku. Dereva mwenye haraka alikuta chuma mbele yake, akangoja apende asipende. Geti halina ubishi.

Mwaka 2006 reli yetu ilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, na katika mageuzi yale wafanyakazi wa reli kwa maelfu walipunguzwa. Mwaka 2017 mkataba ule ulivunjwa. Makampuni huja na kuondoka, lakini treni zaendelea kupita na barabara zaongezeka magari. Mwaka 2020 treni mpya za dizeli kutoka Hispania zilianza kuchukua abiria Nairobi. Twafurahi, maana treni humpunguzia mfanyakazi nauli. Lakini treni zikizidi, hatari ya kivuko nayo huzidi. Ukiongeza treni usiongeze walinzi, umefanya nusu ya kazi.

Kinga ya pili ni kuitenga barabara na reli, moja ipite juu na nyingine chini. Msituambie haiwezekani hapa kwetu. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa kwa namna hiyo hiyo. Hata tembo wa Tsavo wamejengewa njia za kupita chini ya reli. Hatuwaonei wivu tembo. Nao ni mali ya nchi. Lakini kilichowezekana kwa tembo na kiwezekane kwa mtu wa Umoja, wa Kibera na wa Naivasha.

Na tuwe wa haki. Kibera pamefanywa jambo. Mwaka 2004 wakaaji wa kando ya reli walipewa ilani wahame, kukawa na kelele kubwa. Baada ya mazungumzo ya miaka mingi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukajengwa ukuta na vivuko vya miguu, na watu wakajengewa nyumba badala ya kufukuzwa tu. Hilo latufundisha kwamba watu wakikaa pamoja wakasema kwa sauti moja, husikiwa. Lakini ukuta hauna macho. Penye mwanya watu hupita, na penye watu huhitajiwa mtu wa kuwaangalia.

Kwa hiyo chama chetu chadai haya:

1. Kila kivuko chenye magari mengi kipate geti, taa na mlinzi, usiku na mchana, kwa zamu za haki na mshahara wa haki. Mlinzi mmoja wa saa 24 si mlinzi, ni mtu aliyelala.

2. Kila tajiri anayechukua wafanyakazi kwa basi aweke amri: basi lisimame kabla ya reli, makanga ashuke, atazame kulia na kushoto, ndipo aite gari livuke. Dereva asikatwe mshahara kwa kuchelewa hivyo.

3. Wenye matatu wapunguze mtindo wa hesabu, wawalipe madereva mshahara wa mwezi.

4. Penye umati wa waendao kwa miguu pajengwe daraja au njia ya chini, na liwe na mwanga usiku.

Nasi wenyewe tuna wajibu. Dereva, ukikaribia reli zima muziki, shusha kioo. Usiingie relini kama gari lililo mbele yako halijatoka. Abiria, dereva akisimama kutazama, usimpigie kelele kwamba unachelewa, mshukuru. Unayetembea relini asubuhi, toa vile vidude masikioni. Gari la moshi la zamani lilisikika mbali kwa kishindo chake. Treni ya leo yaweza kukufikia mgongoni kabla hujageuka.

Jambo la mwisho, na kila mwanachama alishike. Sheria ya mwaka 2007 ya malipo kwa wanaoumia kazini yasema kwamba mfanyakazi akiwa ndani ya gari lililowekwa na tajiri kumpeleka kazini au kumrudisha, huhesabiwa kuwa yuko kazini. Akiumia humo, ana haki ya kulipwa. Akifa, haki ni ya wale waliomtegemea. Msikubali kuambiwa "hiyo ilikuwa barabarani". Toeni habari kwa tajiri mara moja, kisha njooni kwenye tawi mwandikiwe barua.

Treni haiwezi kukwepa. Barabara haiwezi kuhama. Kinachoweza kubadilika ni kile kinachoamuliwa na watu, na watu huamua upesi wakisukumwa. Mkutano ujao wa tawi tutataka kila mmoja aje na jina la kivuko anachokijua, na aseme kama kina geti au hakina. Orodha hiyo tutaipeleka sisi wenyewe kwa wanaohusika, mkono kwa mkono.

Umoja ni nguvu!