MTI HAUENDI ILA KWA NYENZO



Masika yanapoingia na kusi ikaanza kuvuma, kila mtu wa kisiwa hiki ajua litakalofuata. Usiku mmoja mvua yapiga, na asubuhi mwembe umelala juu ya mabati ya jirani, au tawi la mwarobaini lanin'ginia juu ya njia wapitapo watoto. Mwenye nyumba atoka mbio hadi maskani. "Vijana, kuna kazi ya dharura!" Wanne wamfuata: mmoja ana shoka, mmoja panga, wa tatu kamba ya kuanikia nguo, wa nne mikono mitupu. Bei yapatanwa njiani. Hakuna aulizaye: akianguka mtu, itakuwaje?

Swali hilo ndilo tutakalo kuliuliza leo.

Hatusemi mti uachwe. Mti ulioangukia nyumba wataka kuondolewa upesi, na hasa katika Mji wa Kale, ambako nyumba nyingi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimeegemeana ukuta kwa ukuta. Paa likitoboka, maji huingia na kuila chokaa, na hasara ya mmoja yawa hasara ya mtaa. Hayo twayajua, maana nasi twakaa humo. Lakini bati likiharibika hununuliwa jingine. Mgongo wa mtu hauuzwi dukani.

Wala jambo hili si la ajabu la mara moja. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mahali pengi udongo wake ni haba. Mizizi hutambaa juu juu, na mvua ikishalowesha udongo, upepo wa wastani watosha kuungoa mti mkubwa. Mwenye nyumba akikata mizizi ili apitishe bomba au ajenge ukuta, amekwisha kuuangusha mti huo nusu yake. Mwezi wa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania karibu na Mafia, sisi wa huku nasi tulionywa kujihadhari na upepo na mawimbi. Basi dharura hii twaijua kabla haijafika, na ajuaye kabla hana udhuru.

Wenzetu waifanyao kazi hii watuambia kwamba mti uliokwisha kuanguka ni wa hatari kuliko uliosimama. Tawi lililobanwa chini ya shina hupinda kama upinde. Ukilikata upande usiofaa, hufyatuka na kumpiga mkataji kifuani. Shina lililolalia paa huonekana limetulia, kumbe lashikwa na kitawi kimoja tu, na kikikatwa hicho, lote hubiringika. Kwa hiyo fundi huanza kwa kutazama. Hupunguza matawi ya nje kidogo kidogo, hufunga kila kipande kwa kamba imara kabla ya kukikata, na huweka mtu chini wa kuzuia wapitao. Na kama waya wa stima umeguswa, hakuna mkono unaokaribia mti huo mpaka watu wa stima waje wakate umeme. Mti mbichi uliolowa maji hupitisha umeme, na umeme haumtambui mwenye haraka.

Tena iko kazi ya kubeba. Katika vichochoro vya Mji wa Kale lori haliingii. Kila gogo hutoka kwa bega na mkokoteni. Hamali naye ahesabiwe katika kazi hiyo, katika malipo na katika kinga, asiitwe mwishoni kama mtu wa kuzoa taka.

Sheria yasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema mfanyakazi akiondoka mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, naye ana sababu ya haki ya kuamini hivyo, hafukuzwi kwa ajili hiyo. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, nayo ya 2007, yamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya watu wake. Akipata habari ya ajali, ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi. Madai ya fidia yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Yashikeni hayo kichwani, maana haki nyingi za wafanyakazi hupotea kwa kungoja.

Sasa twaja kwenye neno ambalo wengine wetu hawatalipenda. Mwenye nyumba yule aliyekwenda mbio maskani mara nyingi si tajiri wa Kizingo. Ni mwanachama wetu wa Majengo, wa Tudor, au wa Kibokoni. Kazini kwake adai kofia ngumu, glavu na buti, na ana haki. Nyumbani kwake ampandisha kijana juu ya mwembe uliolowa, miguu mitupu, kwa bei ya chakula cha siku. Sheria haikusema kwamba mwajiri ni kampuni kubwa peke yake. Mawakili waweza kubishana kama kibarua wa saa tatu ni mwajiriwa au siye. Sisi hatubishani. Siku ile umewaita wale vijana, wewe ndiwe bwana wao, na uwatendee utakavyo kutendewa.

Chama chasema hivi. Kwanza, miti itazamwe kabla ya masika, na iliyooza au kuinama ipunguzwe wakati wa jua, kwa utaratibu. Pili, Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya zimamoto na kukabili maafa. Twaitaka kaunti yetu iweke kikosi cha miti chenye mafunzo, kamba, misumeno na bima, kijulikane kila mtaa pa kukiita. Tatu, mkandarasi apewaye kazi hii aonyeshe bima yake kwanza. Nne, mwanachama yeyote asimpandishe mtu juu ya mti bila kamba imara na mtu wa chini, hata ikiwa mvua yaingia chumbani.

Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa kisiwa hiki walisimamisha kazi pamoja: wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa majumbani, wa mwezi na vibarua. Nguvu yao ilitoka hapo, kwamba kibarua hakuachwa nje. Sisi tulio warithi wao tusimwache nje leo kwa sababu tu kazi yake ni ya asubuhi moja na bwana wake ni mmoja wetu.

Wazee walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Hawakusema waenda kwa mifupa ya vijana.

Umoja ni nguvu.