Mpeni Kocha Muda

Ndugu zangu viongozi wa vilabu, na nyinyi mashabiki wenzangu mnaoanza kuimba "kocha aondoke" ligi ikiwa na wiki tatu tu, nawaomba leo mnisikilize.

Mwezi Februari 2002, mjini Bamako, Senegal na Kamerun zilicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa dakika 120 bila bao. Ikaja mikwaju ya penalti. Mkwaju wa tano wa Senegal aliuchukua nahodha mwenyewe, kiungo mkabaji Aliou Cissé. Kipa wa Kamerun akaupangua, kombe likaondoka kwa 3-2.

Miezi mitatu na ushei baadaye, nahodha huyo huyo aliwaongoza wenzake kuifunga Ufaransa, mabingwa wa dunia, 1-0 kule Seoul, na Senegal ikafika robo fainali. Septemba ya mwaka ule ule meli ya Joola, iliyotoka Ziguinchor, mji alikozaliwa, ikapinduka baharini. Watu zaidi ya 1,800 walikufa, wakiwemo ndugu zake kadhaa. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa maana ya kupoteza.

Na tazameni kazi aliyoifanya uwanjani. Kiungo mkabaji huziba mwanya alioacha beki aliyepanda, hukimbilia mpira wasioukimbilia wengine, na jina lake halitajwi redioni mpaka akosee. Miaka yote hiyo anausoma mchezo mbele na nyuma. Kijana unayecheza namba sita, usinung'unike kwamba sifa zinakwenda kwa washambuliaji. Hapo ulipo ni darasani.

Mwaka 2015 Cissé alikabidhiwa timu ya taifa. Mwaka 2017 akatolewa robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na Kamerun tena, kwa penalti tena. Safari hii aliyekosa ni mshambuliaji wake, Sadio Mané. Kombe la Dunia la 2018 Senegal ililingana na Japani kwa pointi na kwa mabao, ikatolewa kwa wingi wa kadi za njano. Mwaka 2019, katika Kombe la Mataifa huko Misri, kwenye kundi lao waliifunga Taifa Stars yetu 2-0 na Harambee Stars ya jirani zetu 3-0, kisha fainali wakalala kwa Algeria 1-0. Niambieni kwa haki: klabu gani ya kwetu ingemwacha kocha huyo kazini? Tungekuwa tumeshamfungashia virago mara tatu. Senegal walimwacha, kwa sababu waliona timu inapanda ngazi kila mwaka.

Ndipo ikaja tarehe 6 Februari 2022, Yaoundé, katika ardhi ya Kamerun wenyewe. Fainali ya Kombe la Mataifa na Misri, dakika ya saba tu, Mané akakosa penalti. Dakika 120 zikaisha bila bao. Mkwaju wa kuamua ukaangukia kwa Mané yule yule, na benchini amekaa mtu anayejua uzito wa mpira ule kuliko yeyote uwanjani. Mané akapiga, nyavu zikatikisika, 4-2. Senegal ikatwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Sisemi kocha aachwe milele. Hata Cissé hakuongezewa mkataba Oktoba 2024. Lakini alikuwa amepewa zaidi ya miaka tisa, si mechi tisa.

Timu ya mtaani kwetu ilimfukuza kocha wake baada ya kufungwa mara mbili mfululizo. Alikuwa kiungo zamani, mtu mpole, mwenye daftari la kila mchezaji. Jioni nampita kwenye uwanja wa shule akifundisha watoto, mipira minne, mmoja umeshonwa kwa mkono. Viongozi, mnamjua. Nendeni mkamrudishe, na mkataba wake safari hii uwe wa miaka mitatu.