Kudeki choo si adhabu jamani

Leo nina langu rohoni, walimu watarajiwa wenzangu mtanivumilia.

Shule niliyokuwa BTP, kipindi cha dini darasa la nne walisoma Yohana 13, Yesu anawaosha wanafunzi wake miguu. Somo: kiongozi ni mtumishi. Safi kabisa. Kengele ikagonga, waliochelewa namba asubuhi wakapelekwa kudeki choo, kiranja kasimama mlangoni na fimbo. Sasa mtoto wa miaka kumi aelewe nini hapo? Kwamba Yesu naye alikuwa na adhabu!

Utumishi tunaufundisha kwa mdomo, ufagio tunawapa wakosaji tu. Na hiyo fimbo ya kiranja imetoka wapi? Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko ni vya mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, tena visizidi 4. Kiranja hayumo.

Mnaosema eti watoto bila fimbo hawaendi, haya, ila msiuite huo uongozi wa Kikristo. Mi nasema kaka mkuu na dada mkuu ndo waanze zamu ya choo, na mwalimu wa zamu awe nao, na ndoo yake mkononi. Wa kwanza kugoma atakuwa mwalimu, mtaniambia.