Bibie wa Migahawa, Kwani Biriani ya Harusini Wete Ilitoka Wapi?

Wadau, jina silitaji, mwenyewe atajijua. Yupo bibie mmoja maarufu wa Dar, kazi yake kuzunguka migahawa na simu mkononi: leo kwa Wachina, kesho kwa Wathai, keshokutwa sushi Masaki. Hilo sina ugomvi nalo, ale anachotaka. Lakini juzi kaja Wete harusini, kala kashiba, karudi kwake kaandika kwamba Pemba hakuna chakula, ni muhogo na pweza tu, na anayetaka ladha za Asia aende mjini.

Jamani! Harusini alikula nini? Biriani. Jina lenyewe la Kiajemi, limetufikia kupitia Bara Hindi. Sambusa, chapati, bajia, kachori, achari, vyote vimevuka bahari hiyo hiyo. Halua aliyofungiwa akaondoka nayo asili yake Uarabuni, na Oman iko Asia, au ramani ya bibie inaishia China? Hata karafuu iliyonukia kwenye sahani yake asili yake visiwa vya Maluku, Indonesia. Ililetwa Zanzibar karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na mpaka leo karafuu nyingi ya Zanzibar inatoka huku kwetu.

Na huyo pweza anayemdharau, kwenye sushi anamlipia pesa nzuri. Wajapani wanamwita "tako". Msicheke, ndilo jina lake. Kwa hiyo pweza akiitwa kwa Kijapani ni mtamu, akiitwa pweza ni umaskini?

Tena hata huko Dar, Kisutu na Upanga kuna Wahindi wanaopika vizazi na vizazi. Mbona huko hatumwoni? Kwa sababu hakuna taa za rangi wala kiyoyozi. Bibie hatafuti Asia, anatafuta pa kupigia picha. Na kama hizo sahani za Masaki analishwa bure, kama watu wanavyosema, basi awaambie wafuasi wake. Sifa ya kulipiwa ni tangazo.

Mnaweza kusema ni maneno tu, yatapita. Hayapiti hivyo. Hapa Jadida kuna mama anakaanga bajia na kuuza urojo jioni, na pesa hiyo ndiyo daftari na sare za watoto. Yeye hana cha kumlipa mtu amsifu. Mgeni akishasoma kwamba Pemba hakuna chakula, anampita. Na binti yake akisoma, anaona aibu kushika karai la mama yake. Hapo ndipo panaponiuma.

Bibie, ukija tena karibu Jadida baada ya Magharibi. Bakuli utapewa, pilipili utaongeza mwenyewe. Ila hapa utalipa, na usiombe upunguziwe.

Haya wadau, uwanja wenu. Mnasemaje?