Afya ya Jamaa: Maumivu ya mwezi, lopitali ya Leta ao ya prive?

Mwezi huu tunataka kuongea na wewe juu ya ugonjwa mwenye jina refu: endometrioze. Wewe baba, usigeuze ukurasa ukisema «hii ni mambo ya bamama». Siku ya kulipa lopitali, feza itatoka mu mfuko wako. Na siku nyumba inakosa mtoto, jamaa yako ndiyo itakuja kukaa mu salon na kuuliza maswali. Wewe kijana mwanamke, soma polepole.

Kila mwezi, ndani ya kizazi, ngozi laini inakua kwa kungojea mimba. Mimba isipoingia, ngozi ile inabomoka na kutoka pamoja na damu. Kwa mwenye endometrioze, ngozi inayofanana na ile imeota fasi isiyo yake: kwenye vifuko vya mayai, nyuma ya kizazi, juu ya matumbo, hata kwenye kibofu. Nayo inafuata mwezi sawa na ile ya ndani. Inavimba, inatoa damu, lakini damu ile haina mlango wa kutokea. Maumivu yanatoka hapo. Kiisha miaka, viungo vya tumbo vinaweza kushikana kama vimebandikwa na gundi.

OMS inahesabu kwamba karibu mwanamke 1 katika 10 wa umri wa kuzaa yuko na ugonjwa huu, ni kusema watu karibu milioni 190 duniani. Si ugonjwa wa zinaa. Si kansa. Hauambukizi, na hakuna shangazi wala jirani aliyemtupia mtu. Tunaandika hivi wazi kwa sababu tunajua maneno yanayosemwa mu parsele zetu mtoto mwanamke akilala chini siku tatu kila mwezi: «Vumilia tu, siye bote tulipitia mu njia ile.» Hapana. Kuumwa kidogo ni kawaida. Kukosa masomo kila mwezi, kutapika, kuzimia, kuumwa wakati wa kwenda choo kubwa ao wakati wa kulala na bwana, hiyo si kawaida, na mama mwenye kuvumilia hajamfunza binti yake kitu.

Sasa tuje kwa swali ambalo jamaa nyingi zinajiuliza: tumpeleke wapi? Kwa Leta ao kwa prive?

Kwetu Congo tofauti si kusema huku ni bure na kule ni kulipa. Pande zote mbili unalipa: fishi, ekografi, laboratware, dawa, kitanda. Mpango wa kuzaa bila malipo ulioanza Kinshasa mwezi wa 9 mwaka 2023 ni kwa ajili ya mama anayezaa na mtoto mchanga, si kwa maumivu ya namna hii. Tena mara nyingi munganga ni yule yule: asubui yuko lopitali ya Leta, saa kumi yuko kliniki ya prive. Kwa hiyo mwenye kusema «prive ndiyo kuko waganga wazuri» hajaangalia vizuri. Kwa prive unanunua hasa wakati wako, kitanda safi, na wakati mwingine mashine mpya. Kwa lopitali kubwa ya Leta, kama Jason Sendwe kule Lubumbashi, ao kwenye kliniki za univerisite, unapata kitu kingine: waganga wengi wanaoweza kuulizana, na fasi yenye kuzoea magonjwa mazito. Usisahau mlango wa tatu, ule wa misioni. Lopitali nyingi za kanisa ziko ndani ya mpango wa Leta, mu zoni za afya. Zimo kati yao ambazo ndizo lopitali kubwa ya zoni nzima.

Lakini neno tunalotaka ulishike ni hili: endometrioze ni ugonjwa wa miaka, si wa wiki moja. Hatujui dawa ya kuumaliza kabisa. Kuna dawa za kuutuliza na kuuzuia usiendelee. Mtu anayemaliza feza yote mwezi wa kwanza kwenye kliniki nzuri, kiisha anakosa ya vidonge mwezi wa nne, hakujisaidia. Feza igawanywe kwa safari yote.

Na mwanzo wa safari si wa bei kubwa. Ni dawa ya maumivu kama ibuprofene, inayoanzwa mapema, siku moja mbele ya mwezi ao saa ile maumivu yanagusa, si wakati umekwisha kulala chini. (Mwenye vidonda vya tumbo asiimeze bila kumwambia munganga.) Ikishindwa, munganga anaongeza dawa za homoni: vidonge vile vinavyojulikana kama vya kupanga uzazi, ao shindano ya miezi mitatu. Zinapunguza damu, na ngozi iliyoota fasi mbaya inatulia. Dawa hizi hazikai kwa prive peke yake, hata santre de sante nyingi za Leta ziko nazo. Mwenye tansyo ao aliyekwisha kupata damu kuganda mu muguu aseme kwanza, kwani si vidonge vyote vinamfaa.

Hapa tunasikia minong'ono: «Mtoto wangu hajaolewa, anapewa vidonge vya kupanga uzazi, watu watasema nini?» Watasema. Wewe mama ujibu kwamba ni dawa ya tumbo. Kwa Wakatoliki wenye kuogopa, barua ya Papa Paulo VI ya mwaka 1968, Humanae Vitae, ile ile iliyokataza vidonge kwa kuzuia mimba, inaacha nafasi kwa dawa zenye kuponya ugonjwa wa mwili, hata kama dawa ile inazuia mimba kwa wakati fulani. Uliza padri wako, lakini usimwache mtoto alie mu chumba wakati unatafuta nafasi ya kumwona.

Tuje kwa ekografi. Hapo tungekushauri kutoa feza kidogo zaidi kama unayo, kwa sababu mashine peke yake haisemi, anayesema ni macho ya mwenye kuisoma. Ekografi inaonyesha vizuri uvimbe wenye damu nzito kwenye kifuko cha mayai. Madoa madogo hayaonekani sana. Kwa hiyo karatasi ikiandikwa «hakuna kitu», haimaanishi kwamba mtoto anajifanyisha. Afazali ekografi moja kwa mtu aliyezoea magonjwa ya wanawake, hata kama ni kwa prive na unarudi na picha yako lopitali ya Leta, kuliko ekografi nne za bei ya chini kwenye avenue yako. Hakuna sheria inayokataza kuchanganya milango. Ekografi ya ndani inaona vizuri zaidi, lakini kwa kijana ambaye hajajua mwanaume, wazazi waombe ile ya juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa maji. Munganga mzuri hatakasirika.

Kuna pia njia ambayo inakula feza za watu mu vitongoji vyetu. Binti anaumwa, anapelekwa santre ya prive ya karibu, anawekewa serumu na kupewa antibiotiki: «Iko na enfeksyo mu tumbo.» Mwezi ukipita, mwezi ukiisha, maumivu yamerudi na serumu nyingine. Endometrioze si mikrobe, antibiotiki haiifanyi kitu. Enfeksyo za kweli ziko, hatukatai. Lakini kama unapewa antibiotiki mara ya tatu kwa maumivu yanayofuata mwezi kama saa, simama, omba karatasi zako zote, nenda kwa munganga wa wanawake. Nesi mmoja mwenye akili kule santre ya Leta anaweza kukuandikia barua ya kukutuma, na barua ile inakufungulia mlango wa lopitali kubwa bila kuzunguka.

Operasyo sasa. Zamani waganga walisema hauwezi kujua endometrioze bila kuingiza kamera ndogo mu tumbo, ile inaitwa laparoskopi. Mwaka 2022 chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, ESHRE, kilibadilisha mashauri yake: inawezekana kuanza dawa kwa kufuata maneno ya mgonjwa na ekografi, na kamera ibaki kwa wale ambao picha haikuonyesha kitu ao dawa imeshindwa. Neno hili ni la faida kwetu, maana fasi zenye laparoskopi si nyingi na bei yake inaumiza. Kwa hiyo ukiambiwa siku ya kwanza «bila operasyo hatuwezi kuanza kitu», na jamaa inaanza kuongea kuuzisha parsele, uende kwanza kwa munganga wa pili. Hatusemi operasyo ni mbaya. Uvimbe mkubwa, matumbo yaliyoshikana, mtoto anayetafutwa miaka mingi, hizo ni sababu za kweli. Lakini ni operasyo ya mkono uliozoea. Mara ya kwanza ikifanywa ovyo, tumbo linapata makovu na ya pili inakuwa nguvu zaidi. Uliza bila haya: Munganga, operasyo kama hii umefanya mara ngapi? Mtatumia kamera ao mtapasua tumbo? Bei yote ni ngapi, pamoja na dawa ya usingizi, damu na siku za kitanda? Bei iandikwe mbele ya kuingia. Mnajua wenyewe mambo ya wagonjwa waliopona na wakabakishwa lopitali sababu ya fakture. Na kiisha operasyo, toka na ripoti mkononi. Munganga wa kesho ataitaka.

Kwa jamaa za kampani tuongeze neno. Wazee wanakumbuka wakati wa Union Minière, iliyoanza mwaka 1906, na wa Gécamines kiisha 1967: karti ya baba ilifungua lopitali kwa mama na watoto. Mwaka 2003, wafanyakazi 10 655 wa Gécamines walitoka kazini kwa mpango wa «départ volontaire», na karti zile zikabaki karatasi. Leo wengi wako mu kampani ndogo zinazopewa kazi na kampani kubwa, na hawajui haki yao. Sheria ya kazi ya mwezi wa 10 mwaka 2002 inamlazimisha mwenye kutoa kazi atunze mfanyakazi akiwa mgonjwa, na jamaa yake pia. Basi baba, mbele ya kukopa, soma kontra yako na uende kwa nesi wa kampani. Uliza: mnafanya kazi na polikliniki gani? Munganga wa wanawake wa nje anakubaliwa? Dawa ya kila mwezi mnalipa, ao ile ya siku ya hatari tu? Kampani nyingine inalipa kitanda lakini dawa ya miezi inaikataa, na hapo unajua mapema ya kutafuta wapi. Na uwaulize kabla binti yako hajaondoka kwenye karti sababu ya umri.

Wachimbaji wa mukono hawana karti hiyo, na feza yao inakuja nyingi siku moja, kiisha inakauka. Kwao tungesema: siku feza imeingia, nunua vidonge vya miezi mitatu kwa mara moja, mbele ya kufikiri kliniki yenye vioo.

Wako wanaovuka Kasumbalesa kwenda Zambia. Kama munganga wako amekutuma kwa jina na barua, sawa. Kama ni jirani tu amesema kule dawa ni nguvu, kumbuka kwamba utahitaji kurudi kule mara nyingi, na transporti itakula feza ya dawa.

Kwa mabwana wenye kungojea mtoto: endometrioze inaweza kuchelewesha mimba, lakini wengi walio nayo wanazaa. Na munganga akitaka kupima, mupimwe wawili. Kipimo cha mwanaume ni cha bei ndogo kuliko operasyo ya mwanamke. Pia, kumwozesha binti haraka «azae na apone» si dawa. Mimba inatuliza kwa wakati, kiisha maumivu yanaweza kurudi.

Anza leo na kitu kisicho na bei: kaye ndogo. Andika siku mwezi umeanza, siku umeisha, maumivu yalikuwa wapi, dawa gani ulimeza na kama ilisaidia, siku ulizokosa masomo ao kazi. Miezi mitatu inatosha. Kwa Leta, fasi munganga ana watu arobaini wanaongojea nje, kaye ile itaongea kwa niaba yako mu dakika tano. Kwa prive itakuepusha kulipa vipimo ulivyokwisha kufanya. Lakini maumivu yakishika kwa gafla na nguvu, ao mwezi umekosa na tumbo linauma upande mmoja, ao kuna homa kubwa, acha kaye na acha kuchagua: kimbilia lopitali ya karibu yenye chumba cha operasyo, ya Leta ao ya prive, usiku ule ule.