Zabibu za Poussin si za sherehe

Wapo wanaodai kwamba picha za vuli za Ulaya ni sherehe tupu: Bacchus, mungu wa mvinyo, mavuno na shangwe. Napinga. Nicolas Poussin alichora Vuli huko Roma kati ya 1660 na 1664. Leo imo Louvre, Paris. Mbele kabisa wanaume wawili wamebeba kwa mpiko kishada kikubwa mno cha zabibu. Wachambuzi humwona Bacchus katika kishada hicho. Sawa, lakini wabebaji ni nani? Ni wapelelezi wa Musa, wale wa Hesabu 13, wanaotoka Kanaani. Zabibu hawakuzipanda wao. Ni ushahidi kwamba nchi ya wengine inafaa kutwaliwa. Nyuma yao mwanamke yuko juu ya ngazi akichuma matunda, na mwingine amejitwika kikapu. Wafanyao kazi wamechorwa wadogo. Wachukuaji wamechorwa wakubwa.

Anayeifundisha picha hii kama furaha ya msimu tu anatuzoeza kusifu tunda bila kuuliza shamba ni la nani. Poussin angeweza kumchora Bacchus, aliwachagua wapelelezi. Basi tuulize.